RAM Kubwa, RAM ya Mbio, na Mtani Wangu wa Mikumi

Laptopu yangu ya kwanza ilikuwa mtumba, na sioni haya kusema. Soko huria lilipofunguliwa tulivaa mtumba, tukalalia mashuka ya mtumba, tukapanda mabasi ya mtumba. Kwa nini kompyuta ijifanye bora kuliko sisi? Ilitoka nchi gani sijui, ila kibonye cha Z na cha Y vilikuwa vimebadilishana nafasi. Vidole vyangu vilifundishwa na taipureta, haviangalii chini, kwa hiyo wiki za mwanzo nilichapa madudu matupu. Bwana harusi mmoja wa Mabwerebwere nusura anirushie kadi zake usoni.

Nilikuwa na kibanda cha kuchapa jirani na soko la Kilosa. Risala, barua za kuomba kazi, kadi za harusi, ratiba za mazishi, zote zilipita mikononi mwangu. Kwa kazi hizo mashine ilitosha. Ilikuwa nzito, hilo sibishi: unaiwasha, unakwenda kubandika chai, unarudi, yenyewe bado inajifikiria. Sikuwa na ugomvi nayo. Ugomvi ulianza binti yangu aliporudi likizo.

Binti yangu hasikii. Alipata homa kali angali mchanga, kabla hajajua kusema hata neno moja, ikamwachia uhai ikaondoka na masikio. Nyumbani tulikuwa na ishara zetu za kienyeji: kula, kulala, njoo, acha, baba amekuja. Ya treni aliibuni mwenyewe, viwiko ubavuni vinakwenda mbele na nyuma. Kwa maneno kama hayo utamlisha mtoto na kumwogesha, lakini huwezi kumuuliza usiku ameota nini, wala yeye hawezi kukwambia.

Alipofikisha umri tukampeleka shule ya bweni ya viziwi, mkoa mwingine, safari ya kutwa nzima. Mwaka wa pili, aliporudi likizo ya Desemba, jamani, sikumjua. Mikono yake ilikuwa inaongea! Inakwenda haraka, inageuka, inagusa kifua, inapanda kwenye paji la uso, na uso nao unafuata, nyusi juu, nyusi chini. Nilisimama mlangoni na beseni la nguo kiunoni nikimtazama mwanangu anavyonisemesha, nikafurahi mpaka machozi yakanitoka. Kisha akatulia, akasubiri nimjibu.

Nikaitikia kwa kichwa. Ningefanya nini? Akasema tena, nikaitikia tena, huku natabasamu. Lakini mtoto wa miaka kumi anajua vizuri sana mtu mzima anapomdanganya. Baada ya siku chache akaacha kunisemesha. Akawa anakaa barazani, mikono imelala mapajani, na ile mikono iliyolala iliniuma kuliko kitu chochote. Alikuwa na jambo moja analotaka kuniambia. Hilo nililiona, kwa sababu kila alipojaribu lilianza kwa ishara zilezile na likaishia kwa kunitazama machoni. Nikajiapia kwamba likizo haiishi kabla sijalijua.

Mwalimu wake alikuwa amempa diski ya kuleta nyumbani, masomo ya lugha ya alama kwa wazazi. Ndani yake kuna mama mmoja wa blauzi ya kijani, amesimama mbele ya ukuta mweupe. Neno linaandikwa chini, naye analisema kwa mikono. Deki ya jirani iliikataa ile diski, ilitaka kompyuta. Nikasema, kompyuta si ninayo?

Loo! Mama wa blauzi ya kijani aliinua mkono, akaganda. Mkono uko hewani, mashine inakoroma, sisi tumekodoa macho. Mara mkono uko kifuani. Umefikaje? Umepita wapi? Hujui. Na katika lugha ile neno liko humo humo kwenye kupita. Ukipata mwanzo na mwisho peke yake, umepata vidole tu. Binti yangu alipomwona mtu anaongea kwa mikono ndani ya nyumba yetu aliruka kwa furaha. Mama wa kijani alipoganda, mwanangu akaipiga laptopu kofi ubavuni, kama baba yake anavyoipiga redio. Ikakataa. Akanyanyuka akaenda zake nje, nami nikabaki natamani kuitupa ile takataka mtoni Mkondoa.

Mume wangu alikuwa anafanya kazi ya miwa kule Ruaha, nyumbani anakuja mwisho wa mwezi. Nilipompigia simu na kufoka, akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akasema, "Mke wangu, hiyo mashine RAM yake ndogo. Pale Mikumi kuna fundi wa simu na kompyuta, anawafungia vifaa watu wa nyumba za wageni. Mpelekee."

Mikumi iko kwenye barabara kuu, malori yote yanasimama pale, na chochote kilichoko Dar es Salaam kinafika kabla hakijafika Kilosa kwetu. Nilimkuta fundi chini ya mwavuli wa kampuni ya simu, mezani kwake redio zimefunuliwa matumbo. Kijana mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho. Aliposikia nimetoka Kilosa na kwamba ni Msagara, akaweka bisibisi chini.

"Mjukuu wangu," akasema kwa sauti nzito, "mbona huniamkii?"

Kwa lafudhi nikajua ni Msukuma. Sisi na wao ni watani tangu enzi za mababu zao waliopita kwetu na mizigo kichwani kwenda pwani. Mtani anakutukana, humkasirikii. Anachukua chako, unacheka. Hata msibani, watu tunalia, yeye anakwenda kulala ndani ya kaburi anasema ni lake. Mimi nina hasira za karibu, mume wangu atakwambia, lakini mbele ya mtani hasira zangu zote zinageuka mchezo.

"Nikuamkie wewe?" nikamjibu. "Babu yako alifika hapa koo limekauka, tukamnywesha maji, mpaka leo hajalipa. Na hii meza mbona umeipamba kama baiskeli za kwenu?"

Watu wakacheka. Akacheka na yeye, akanivutia kigoda. Akaigeuza laptopu, akafungua kifuniko kidogo tumboni, akanionyesha. Nafasi zilikuwa mbili. Moja ina kipande chembamba cha kijani kama rula iliyokatwa, nyingine tupu. Akanieleza vizuri, simnyimi haki yake. Diski ya ndani ndiyo stoo, akasema. RAM ni jamvi. Ukitaka kupika unatoa vitu stoo unavitandaza kwenye jamvi. Jamvi likiwa dogo, kila saa unainuka, unarudisha hiki, unaleta kile, na chungu kinangoja. Iliyokuwamo ilikuwa ya megabaiti mia na ishirini na nane. Jamvi la mtu mmoja.

Akaniwekea vipande viwili juu ya kitambaa. Kimoja kilikuwa cha mia tano na kumi na mbili, kimetumika, kibandiko kimechubuka, spidi yake mia mbili sitini na sita, sawa na kile kilichomo. Cha pili nusu ya ukubwa huo, mia mbili hamsini na sita, lakini kipya, kingali ndani ya mfuko wake wa kung'aa, na spidi yake mia tatu thelathini na tatu. Bei yao moja. Nikavishika kimoja kimoja, nikasoma namba, nikavilinganisha kama ninavyolinganisha vitenge.

"Chukua hiki kikubwa," akasema fundi. "Cha mbio hakitakusaidia. Mashine yako haiendi spidi hiyo. Ukikifunga humu, kitafuata mwendo wa mashine, na hata vikikaa viwili, vyote vinafuata kile cha polepole. Na mashine yenyewe ilishakuwa Msagara, mbio itazitoa wapi?"

Hapo ndipo alipoharibu. Bila lile neno la mwisho ningemsikiliza. Lakini wapita njia waliangua kicheko, mimi nikacheka kwa nguvu kuwashinda, na kichwani nikasema, aha, huyu anataka kunibambikia kile kizee alichokaa nacho. Nani anafuata ushauri wa mtani? Nifike Ruaha nichekwe na mume wangu? Halafu nikapiga hesabu zangu mwenyewe: tatizo langu ni mama wa kijani kuganda. Anayeganda anahitaji nini? Mbio!

"Nifungie hiki kipya," nikasema.

"Mtani, nakwambia ukweli."

"Ukweli wa Msukuma? Nifungie."

Akanitazama, akainua mabega, akafunga. Sikumwambia ninataka kuifanyia nini, naye akadhani ni ya kuchapia barua tu. Habari za mwanangu nilikuwa sizitembezi mezani kwa watu. Ukitaja mtoto kiziwi, wapo watakaokuuliza ulimkosea nani, na siku hiyo sikuwa na nguvu za kugombana.

Nyumbani tukaiwasha. Iliwaka upesi kidogo, hilo kweli. Nikamwita binti yangu kwa kumpungia kanga, akaja, akachuchumaa kando yangu. Mama wa kijani akaanza vizuri, mkono ukatoka kwenye paji la uso, ukashuka, nikamfinya mwanangu bega kwa furaha, na mkono ukaganda shingoni. Badala ya kuganda hewani, sasa anaganda shingoni! Binti yangu akatikisa kichwa taratibu, akanipapasa mkono kama mtu anayemfariji mgonjwa. Nilikwenda jikoni nikalia. Likizo ilikuwa imebaki kidogo tu.

Kabla ya kurudi shule ilikuwa lazima akamuage baba yake Ruaha, na njia ya Ruaha inapita Mikumi. Nikaibeba laptopu. Tuliposhuka barabarani nilikwenda moja kwa moja kwa fundi, nikaibwaga mezani mpaka redio zikaruka.

"Nilisema mashine Msagara!" akashangilia kabla sijafungua mdomo. Kisha akamwona binti yangu. "Na huyu mjukuu mwingine mbona haniamkii? Wewe! Shikamoo iko wapi?"

Binti yangu alikuwa anaangalia lori lililokuwa linageuza. Fundi akapiga makofi, akaita tena. Hakugeuka.

"Loo, Wasagara nanyi! Mnazaa watoto wana kiburi kuwashinda wakubwa!"

"Hasikii," nikasema.

Akanyamaza. Mimi tangu nizaliwe nilikuwa sijamwona mtani akinyamaza. Nikaona bora angenitukana. Na kwa kuwa amenyamaza, yakanitoka yote palepale, nimesimama juani: homa, shule, diski, mama wa blauzi ya kijani, mkono unaoganda, na hili jambo ambalo mwanangu analo na mimi silijui na baada ya siku chache anaondoka nalo. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Fundi akanivutia kile kigoda, akaomba aione diski. Akamtazama mama wa kijani akiganda, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Mama," akasema. Hakusema mtani. "Nilidhani ni ya kuchapia. Picha za kutembea zinataka nafasi. Hazitaki mbio. Kosa langu, niliingiza utani kwenye kazi."

"Basi nipe kile kikubwa."

Akajikuna kisogo. Kikubwa alikuwa amekifunga kwenye laptopu ya nyumba ya wageni ya ng'ambo ya barabara.

Nikanyoosha mkono niichukue laptopu yangu niondoke. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kufungua mashine yangu, akatoa kile kipande cha mbio, akakitia mfuko wa shati, akatuashiria tumfuate. Tukavuka. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mzee Msagara mwenzangu, mwenyeji wa Munisagara, amekaa mapokezi anasoma gazeti. Fundi akamwamkia kwa adabu zote, "Shikamoo mzee," akaitikiwa marahaba, kisha akaichukua laptopu ya mzee pale mezani akaipindua chali.

"Wee! Wee kijana! Unafanya nini?"

"Nachukua changu, mtani."

"Changu gani? Si nimelipa?"

"Mtani hakasiriki, mzee. Kaa chini."

Mzee alisimama, akakaa, akasimama tena, nusu anacheka nusu anatafuta fimbo yake. Bisibisi inazunguka, fundi anaongea. Akasema mashine ya mzee ni mpya zaidi, yenyewe inaweza hiyo spidi ya mia tatu thelathini na tatu, na nafasi ilikuwa nayo ya kutosha tangu zamani. Kipande cha mbio ndicho saizi yake. Ya huyu mama haiwezi mbio lakini ina njaa ya nafasi. "Niliwauzia kinyume, kila mtu cha mwenzake," akasema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Ni kwa ajili ya huyu mtoto, mzee. Anataka kuongea na mama yake."

Mzee akamtazama binti yangu, aliyekuwa amesogea karibu kabisa kuona mikono ya fundi inavyofanya kazi. Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Sasa si ungesema tangu mlangoni?" akafoka. "Unanipindulia mashine kama mwizi! Chukua, chukua, mpe."

Tukaiwasha palepale mapokezi. Fundi akanionya nisitegemee miujiza: mwendo wake ni uleule wa zamani, haijaongezewa kasi hata chembe, ila sasa ina mahali pa kutandaza. Mama wa blauzi ya kijani akainua mkono. Ukatoka kwenye paji la uso, ukashuka, ukapita shingoni, nikaacha kupumua, ukapita, ukafika kifuani ukatua. Binti yangu akainua mkono wake akaufuata, taratibu, sawasawa na yule mama. Fundi naye akajaribu, akakosea, akajichoma kidole jichoni, na mwanangu akacheka, ile sauti yake ya kucheka ambayo yeye mwenyewe haijui. Akamshika fundi vidole akamrekebisha. Tulipoondoka walikuwa wanataniana kwa mikono, na sijui nani alimshinda mwenzake.

Tuliporudi kutoka Ruaha, siku zilizobaki sikufungua kibanda mapema. Watu wa kadi za harusi walisubiri, na walionuna walinuna. Asubuhi tunakaa barazani na laptopu juu ya stuli, mama wa kijani anasema, mimi nafuata, mwanangu ananisahihisha. Alikuwa mwalimu mkali huyo! Nikikosea ananipiga kofi dogo la mkono, nikipata ananikumbatia shingo. Nilijifunza chakula, ndugu, jana, kesho, nataka, sitaki. Nilijifunza polepole, nikawa namwambia neno hilo kila mara, polepole, mwanangu, polepole.

Siku ya mwisho tulikuwa tunachambua mchele wa safari. Nimeketi mkekani, ungo mapajani. Akaja akakaa mbele yangu, akaniondolea ungo, akaanza zile ishara zilezile. Nikamwambia polepole. Akarudia, moja baada ya nyingine, ananitazama kama zimefika.

Siku ya kwanza. Shuleni. Wewe umeondoka. Mimi nililia.

Nikamwambia, ndiyo, nimeelewa. Akaendelea.

Wewe ulisikia. Kwa nini hukurudi?

Nilidhani nimekosea kusoma. Nikamwomba arudie, akarudia, wala hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza tu. Ndipo nikaelewa, Mungu wangu. Mtoto ambaye hajui kusikia ni nini, angejuaje kunaishia wapi? Alikuwa ameniona nikiinuka kwa sababu mtu kaniita nyuma ya ukuta. Ameniona nikimwashiria kwamba mtoto wa jirani analia, na tukienda tunamkuta analia kweli. Kwake yeye masikio yetu hayakuwa na mpaka. Miaka miwili aliamini kwamba alilia kule na mimi huku Kilosa nikawa namsikia, nikaendelea kuchapa kadi za watu.

Nikatafuta maneno niliyokuwa nayo. Hapana, nikamwambia. Mbali. Mimi sikusikia. Mbali, masikio hayafiki.

Hakuniamini upesi. Akawaza, kisha akaniuliza: wewe ukiwa sokoni, mimi nikilia hapa, unasikia? Hapana. Akaonyesha nyumba ya jirani wa tatu. Hapana. Jirani wa ukutani? Kidogo. Kila nilipojibu aliutazama uso wangu kama nadanganya. Nilikuwa sidanganyi, na safari hii akaliona hilo.

Akasogea mkekani mpaka magoti yetu yakagusana. Na hapa?

Hapa nasikia, nikamwambia.

Akaniwekea kichwa mapajani, akalia kwa sauti yake yote, nami nikamsikia.